Ruwenzori si mlima wa kupanda peke yako

Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Kutoka Mutwanga, upande wetu wa Beni, njia yake hupita Kalonge, Mahangu na Kiondo. Kijana wa Butembo mwenye miguu mizuri ana haki ya kukitamani, ila haya ayashike.

Ulizia usalama kwanza. Tangu 2014 raia wengi wa eneo la Beni wameuawa na waasi wa ADF. Waulize walinzi wa hifadhi wa ICCN na wakulima waliotoka shambani asubuhi ileile. Habari ya wiki jana haitoshi. Wakikukataza, rudi bila kubishana. Kupenya porini ili ukwepe kizuizi si ujasiri hata kidogo, kwani watakaotumwa kukutafuta nao wana watoto nyumbani.

Kimo huwaangusha hata wenye nguvu. Ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana. Kichwa kikiuma, usipande tena mpaka kitulie. Mpime mwenzako: atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, mteremshe papo hapo, hata akikataa. Mgonjwa mara nyingi hajui kuwa amechanganyikiwa, na aliye peke yake nani atamwona?

Nguo kavu ya kulalia ifunge ndani ya plastiki. Mwili uliolowa huweza kufa kwa baridi hata pasipo na theluji.

Mwachie mtu wa Mutwanga siku yako ya kurudi, kwa maandishi.