Kwa baiskeli hadi Morogoro

Swali: Huendesha baiskeli kwenda kazini, kilomita 15 kwa siku. Natamani kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa siku moja. Nijiandae vipi?

Jibu: Ni takriban kilomita 190, na utaweza ukijipa miezi mitatu. Kila Jumamosi nenda mbali: anza na kilomita 40, ongeza 10 kila wiki, na kila wiki ya nne punguza ili misuli ipone. Ukimaliza 120 bila maumivu, uko tayari.

Kinachowaangusha wengi ni tumbo tupu kuliko miguu. Kula kabla njaa haijabisha: ndizi mbili au tende kadhaa kila saa, pamoja na maji yenye sukari na chumvi kidogo. Zoea hayo mazoezini.

Siti iwe juu kiasi kwamba goti hubaki limekunjika kidogo pedeli ikiwa chini. Ondoka saa 11 alfajiri, taa zikiwaka, uvuke Chalinze kabla ya jua kali. Malori ni mengi mno. Mawili yakipishana karibu nawe, shuka pembeni, nakusihi. Beba tyubu mbili na pampu.