STELINGI HAFI? SOMO KUTOKANA NA MAISHA YA BRUCE LEE

Chama chetu cha Kiswahili kimeniomba niandike somo fupi kuhusu mtu mashuhuri aliyegusa lugha na utamaduni wa vijana. Huenda ulitarajia nimchague mshairi au mwanasiasa. Mimi nimemchagua Bruce Lee. Najua wapo watakaocheka na kusema, "Ati Bruce Lee? Huyo na Kiswahili wapi na wapi?" Tulieni jamani, twende polepole.

Mtu huyu aliaga dunia mwaka wa 1973, kabla wengi wa wazazi wetu hawajazaliwa. Hata hivyo, nenda Kawangware au Kangemi jioni watoto wanapocheza. Utamwona mtoto wa miaka saba akifuta pua kwa kidole gumba, akisimama upande upande, kisha akitoa ukelele, "Wataaa!" Mtoto huyo hajui kusoma vizuri, lakini anamjua Bruce Lee. Nani alimfundisha? Hilo ndilo swali la somo letu.

ALIKUWA NANI?

Bruce Lee alizaliwa tarehe 27 Novemba 1940 mjini San Francisco, Marekani, wakati baba yake, mwigizaji wa michezo ya jukwaani ya Kichina, alipokuwa huko kikazi. Alilelewa Hong Kong. Jina lake la sinema kwa Kichina lina maana ya "joka dogo", kwa sababu alizaliwa katika mwaka wa joka kwa hesabu ya Wachina. Akiwa kijana alijifunza mtindo wa kupigana uitwao Wing Chun kwa mwalimu Ip Man. Lakini usidhani alijua kupiga ngumi tu. Mwaka wa 1958 alishinda mashindano ya kucheza densi ya cha-cha huko Hong Kong. Kumbe zile hatua zake nyepesi zilikuwa na dansi ndani yake!

Mwaka wa 1959 alirudi Marekani. Alifanya kazi katika mkahawa mjini Seattle huku akisoma, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Washington. Hapo alianza kufundisha kung'fu, na mwanafunzi wake wa kwanza mjini humo alikuwa Mmarekani mweusi, Jesse Glover. Siku hizo walimu wengi wa Kichina hawakupenda kuwafundisha watu wa mataifa mengine. Yeye alimfundisha yeyote aliyekuwa na nia.

Kimo chake kilikuwa kama sentimita 172 tu, na macho yake hayakuona mbali bila miwani. Mwaka wa 1967 alianzisha mtindo wake mwenyewe, Jeet Kune Do, yaani njia ya ngumi inayokatiza ngumi ya adui. Wazo lake lilikuwa kwamba mtu achukue linalofaa kutoka kila mtindo na aache lisilofaa.

Mwaka wa 1970 aliumia mgongo vibaya akiinua vyuma. Madaktari walimwambia asahau kupiga mateke tena. Alilala kitandani miezi kadhaa. Je, alikaa akilia? La hasha! Alisoma vitabu na kuandika. Maandishi yake yalikusanywa na kuchapishwa kama kitabu mwaka wa 1975, yeye akiwa ameshazikwa. Nasi wanafunzi tunaoona homa ya siku mbili kuwa ruhusa ya kutofungua daftari wiki nzima, tutege sikio hapo.

FILAMU ZAKE

Filamu zilizomfanya ajulikane duniani ni chache kuliko vidole vya mkono mmoja, nazo zilitengenezwa ndani ya miaka mitatu tu. The Big Boss ilitoka mwaka wa 1971. Fist of Fury na The Way of the Dragon zilitoka mwaka wa 1972, na hii ya pili aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Ndimo alimopigana na Chuck Norris katika magofu ya Rumi. Enter the Dragon ilitoka mwaka wa 1973.

Bruce Lee hakuwahi kuuona ushindi wa filamu hiyo ya mwisho. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 32. Filamu ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi uliofuata. Ama kweli chema hakidumu.

Baada ya kifo chake watengenezaji wa filamu waliona pesa zinawaponyoka, basi wakatafuta watu waliofanana naye. Wakatokea akina Bruce Li, Bruce Le na Dragon Lee. Ndiyo maana ukiwauliza wazee wetu wameona filamu ngapi za Bruce Lee, wengine watakwambia ishirini. Umdhaniaye ndiye kumbe siye!

KWA NINI ALIPENDWA HUKU KWETU?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Waigizaji wa kupigana ni wengi. Kwa nini huyu?

Babu yangu alikuwa mtunza bustani katika nyumba moja hapa Lavington mapema miaka ya sabini. Yeye na wenzake walilala Kawangware, na Jumapili wakipata senti walishuka mjini kwenye sinema. Siku hizo majumba ya sinema yalikuwa mengi, yakiwemo Odeon na Globe, ambayo leo kijana wa Nairobi anayajua kama jina la kituo cha matatu na jina la mzunguko wa barabara. Nilipomuuliza kwa nini walimpenda Bruce Lee, nilidhani atataja mateke. Alinijibu, "Mjukuu wangu, ni kile kibao."

Kibao chenyewe kimo katika Fist of Fury. Bruce Lee ni Chen Zhen, mwanafunzi anayerudi Shanghai na kukuta mwalimu wake amefariki. Nchi yao inadharauliwa na wageni. Akifika kwenye lango la bustani anazuiwa, na juu kuna kibao kinachosema kwamba mbwa na Wachina hawaruhusiwi. Anaruka, anakipiga teke kibao kile, kinavunjika vipande vipande hewani.

Sasa fikiria, ewe msomaji, nani walikuwa wamekaa katika ukumbi ule. Kenya ilikuwa imepata uhuru mwaka wa 1963, haijapita hata miaka kumi. Katika Nairobi ya ukoloni mitaa ilitengwa kwa rangi, na Lavington hii tunayosomea ilikuwa ya Wazungu. Tangu mwaka wa 1920 mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Babu anasema baba yake alikuwa nacho. Kibao kilipovunjika, ukumbi mzima ulisimama, watu wakapiga vigelegele, wengine wakarusha kofia. Hawakuwa wakimshangilia Mchina. Walikuwa wakijishangilia wenyewe.

Sikuwahi kuambiwa hayo na kitabu chochote. Tangu siku hiyo kila nipitapo James Gichuru Road na kuona malango makubwa yenye vibao vya "Mbwa Mkali", namkumbuka babu.

Sababu nyingine ni kwamba hakutegemea bunduki wala farasi kama wale mashujaa wa filamu za kizungu. Silaha yake ilikuwa mwili wake, na mwili hata maskini anao. Isitoshe, katika Enter the Dragon kulikuwa na Jim Kelly, mwanakarate mweusi mwenye nywele nyingi, na vijana wetu wakaona kwamba hata wao wana nafasi katika hadithi ile.

BRUCE LEE NA LUGHA YETU

Sasa tuingie katika Kiswahili, nisije nikafukuzwa chamani. Neno "stelingi" tunalolitumia kwa mhusika mkuu wa filamu lilitokana na neno la Kiingereza lililoandikwa kwenye mabango kabla ya jina la mwigizaji. Watu walilisoma, wakalipa ngeli, na leo tunasema "stelingi ameingia" na "mastelingi wawili". Hivyo ndivyo lugha hai hufanya: inachukua mgeni na kumvika kanzu.

Halafu kuna watafsiri wa filamu. Video zilipoenea, mabanda ya kuonyeshea yakafunguliwa mitaani, na watazamaji hawakuelewa Kichina wala Kiingereza cha haraka haraka. Ndipo wakatokea mafundi wa kusimulia. Dar es Salaam alipata sifa Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Kenya tuna DJ Afro, anayesimulia kwa Kiswahili na Sheng na kuwabatiza waigizaji majina ya kwetu. Uganda wapo wanaoitwa ma-VJ, na mmoja wao, VJ Emmie, anasikika ndani ya filamu ya Who Killed Captain Alex? iliyotengenezwa mwaka wa 2010 na Nabwana I.G.G. katika mtaa wa Wakaliga, Kampala. Mmoja wa waigizaji wake anajiita Bruce U. Herufi hiyo ni ya Uganda. Mnaona mbegu ilivyosafiri?

Chamani tulijadili hoja hii: je, wasimulizi hawa wanaharibu Kiswahili? Upande mmoja ulisema Sheng yao ndiyo inayotuangusha katika insha. Mimi nilikuwa upande wa pili. Nilisema kwamba msimulizi anayemfanya mtu acheke, aogope na alie katika dakika tano, bila kuandika popote, ni mrithi wa watambaji wetu wa hadithi. Tatizo haliko kwake. Tatizo ni sisi tunaomsikiliza yeye saa tatu na kusoma riwaya dakika tatu.

FAIDA NA HATARI

Faida zipo. Vijana wengi wa Afrika Mashariki waliingia katika michezo ya mapigano kwa sababu ya filamu, na michezo hiyo hufunza nidhamu: kuinama mbele ya mwalimu, kufika mapema, kutompiga aliyeanguka. Mkenya Faith Ogallo alituwakilisha katika taekwondo kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka wa 2021. Wasichana wenzangu, msiseme ni mambo ya wavulana.

Hatari nazo zipo, na kubwa imo katika msemo mmoja: "Stelingi hafi." Huusikia kila mahali. Jirani yetu mmoja, kijana wa miaka kumi na tisa, aliendesha bodaboda bila kofia ya chuma. Mama yake alipomwonya alicheka, "Mathe, stelingi hafi!" Mwezi wa Februari aligongana na lori. Hakufa, Mungu ashukuriwe, lakini mguu wake umejaa vyuma na pikipiki ya mkopo imekwisha. Mama yake sasa anafua nguo za watu ili alipe deni la stelingi.

Nilirudi kuitazama Fist of Fury hadi mwisho. Wengi hukumbuka kibao na kusahau mwisho. Chen Zhen anatoka nje, anakuta bunduki zimeelekezwa kwake, anaruka kwa kelele kuelekea bunduki hizo, milio inasikika na picha inasimama. Stelingi amekufa! Na nje ya filamu, Bruce Lee mwenyewe alikufa kijana. Sasa ule msemo tuliutoa wapi?

HITIMISHO

Kwa maoni yangu, msemo ule ni kweli kwa maana moja tu. Mwili wa stelingi hufa, tena upesi. Kinachobaki ni kazi. Bruce Lee amebaki kwa sababu ya mazoezi ambayo hatukuyaona: miaka ya kurudia teke lile lile, madaftari aliyojaza kitandani, na wanafunzi aliowafundisha bila kujali rangi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tunataka kuruka kabla ya kuinama.

Basi mwenzangu, ukimwiga, mwige pale pagumu. Fanya hesabu ile ile mara kumi mpaka ikutii. Kibao kinachokwambia kwamba mtoto wa shule ya kutwa hawezi kufika mbali, kivunje kwa alama zako. Na ukipanda bodaboda, tafadhali vaa kofia.

Maswali ya kujadiliana:

1. Taja maneno matatu ya Kiswahili yaliyotokana na sinema, na ueleze ngeli zake.
2. "Stelingi hafi." Jadili ukweli na uongo wa msemo huu.
3. Muulize mzee wa kwenu ni filamu gani aliyoipenda ujanani na kwa nini. Andika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, umletee mwalimu wa Kiswahili.

Wasalaam.