Chuma Kabla ya Pamba katika Brass: Lancashire

Brass: Lancashire, mchezo wa ubaoni uliobuniwa na Martin Wallace na kutolewa mwaka 2007 kwa jina fupi la Brass, unamweka mchezaji kaskazini-magharibi mwa Uingereza kati ya 1770 na 1870, miaka ambayo kusokota na kufuma pamba kulihama majumbani kukaingia katika viwanda vya mvuke. Kanuni za kukopa, kulipa na kutupa karata zimeelezwa katika kijitabu cha sandukuni na hazirudiwi hapa. Ila muuzaji anayemwambia mnunuzi kwamba mchezo huu hueleweka kwa nusu saa hamtendei haki, kwa kuwa jambo linaloamua ushindi halionekani mpaka mtu ashindwe mara moja au mbili.

Jambo hilo linatokana na kugawanywa kwa mchezo katika enzi mbili, ya mifereji na ya reli. Enzi ya kwanza inapokwisha, alama huhesabiwa, kisha kila kigae cha jengo cha ngazi ya kwanza huondolewa ubaoni, ilhali vya ngazi ya pili na kuendelea hubaki na kuhesabiwa tena mwishoni. Kiwanda cha pamba cha ngazi ya kwanza hugharimu pauni 12 na huleta alama 3 mara moja tu. Cha ngazi ya pili hugharimu pauni 14 na kipande kimoja cha makaa ya mawe, lakini huleta alama 5 mara mbili.

Mchezaji mmoja, kwenye meza ya watu wanne, alijenga viwanda vitatu vya ngazi ya kwanza, akauza nguo zake upesi, na kipato chake kikawapita wote. Reli ilipofika, vitatu vyote viliondoka na pamba yake ikawa imemwachia alama 9. Jirani yake, aliyeonekana kuzubaa, alikuwa amejenga kiwanda kimoja tu cha ngazi ya kwanza, kisha akatumia tendo moja la kuendeleza, yaani kutupa vigae duni ili kuvifikia vilivyo bora, akaondoa viwili vilivyosalia kwa vipande viwili vya chuma. Viwanda vyake viwili vya ngazi ya pili, pamoja na kile cha kwanza, vilimpa alama 23.

Chuma hicho kilitoka katika kiwanda chake mwenyewe, na hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe. Tofauti na makaa, ambayo lazima yafikiwe kwa mfereji au reli, chuma hutumika popote bila njia. Kiwanda cha chuma cha ngazi ya kwanza huwa na vipande vinne, na vikiisha, yeyote aliyevimaliza, kigae hupinduliwa na mwenye kiwanda hupandishwa kipato. Mpinzani anayekichukua chuma hicho kwa haja zake basi anamlipa mwenye kiwanda bila kukusudia.

Kuhusu kuuza, yatosha kusema kwamba bandari ya mwenzako ikitumika, naye hufaidika, na kwamba soko la mbali huweza kudhoofika kila linapotumiwa mpaka likafungwa kabisa, hivyo achelewaye hukosa. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atalielewa soko hilo kupitia merikani, kitambaa cha viwanda vya Massachusetts kilichotawala Zanzibar hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza 1861, vilipokata ugavi wake.

Vita hivyohivyo viliikausha Lancashire kwa njaa ya pamba ya 1861 hadi 1865, na hapa mchezo una pengo kubwa: kiwanda chake cha pamba cha ngazi za juu huhitaji makaa na chuma, lakini pamba mbichi, ambayo kwa sehemu kubwa ilivunwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, haina kigae, haina bei, wala haipungui kamwe.