Kuiga Ugonjwa wa Utumbo wa Mtoto Njiti kwa Kompyuta

Kama unasoma hisabati au kompyuta pale Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, na unataka kuiga ugonjwa wa watoto wachanga, acha kompyuta kwanza. Anza na swali la wodini: mtoto njiti wa gramu 1,200 akipewa maziwa ya mama badala ya ya kopo, nini hubadilika tumboni?

Ugonjwa wenyewe ni enterokolaitisi inayoua tishu (necrotizing enterocolitis, NEC). Sehemu ya utumbo huvimba, hufa, na wakati mwingine hutoboka. Huwapata zaidi waliozaliwa chini ya gramu 1,500, na maziwa ya mama hupunguza hatari yake.

Sasa chora vyumba kwenye karatasi: ndani ya utumbo, ukuta wake, tishu zilizo nyuma ya ukuta, na damu. Julia Arciero na wenzake, Marekani, walichapisha modeli ya namna hiyo mwaka 2010. Kisha weka mishale. Bakteria wakipenya ukuta, seli za kinga huwashambulia. Mashambulizi hayo huleta uvimbe, uvimbe hulegeza ukuta, na bakteria wengine hupita. Tumia muda wako mwingi hapa, maana mzunguko huu ndio ugonjwa. Kwenye Python, mstari wa tishu usomeke hivi: bakteria wa saa ijayo ni waliopo, jumlisha waliopenya na waliozaliana, toa waliouawa na waliopita kwenda kwenye damu.

Halafu ijaribu modeli kwa ukali. Weka bakteria sifuri: uvimbe ukitokea, umekosea. Punguza hatua ya muda ya saa 1 iwe nusu saa: matokeo yakibadilika sana, hatua yako ilikuwa ndefu mno. Vipimo vingi utakavyovikuta kwenye machapisho vimetoka kwa panya, kwa hiyo pandisha na shusha kila kimoja kwa asilimia 10 uone kipi kinatikisa matokeo.

Grafu waonyeshe wauguzi wa wodi ya watoto wachanga, Mount Meru au kwingineko, kabla ya kumwonyesha msimamizi wako. Takwimu za wagonjwa usiziguse bila kibali cha maadili.

Modeli yako isiamue mtoto gani aache kunyonya. Na wewe mama wa njiti unayesoma hapa: tumbo la mtoto likijaa na kukaza, akitapika kijani, au choo kikiwa na damu, mwite muuguzi saa hiyo hiyo.