Kugeuza depo kuwa garaji: hewa kwanza



Wengi kati yetu tuna ujuzi wa mikono kuliko ule unaolipwa na kampuni. Mtu anatoka kazini, anavua salopeti ya kiwanda, anavaa ya nyumbani, anaanza kutengeneza motokari yake, kisha ya shemeji, kisha ya jirani. Mwanzoni anafanya kazi chini ya mwembe wa parsele. Lakini mvua za Novemba zinafika, maji yanaingia katika motere, watoto wanachukua funguo na kuzipoteza. Ndipo anasikia kwamba mfanyabiashara mmoja mjini anapangisha depo yake: kuta za matofali, mlango mkubwa wa chuma, kufuli nzuri. Anafurahi, na ana haki ya kufurahi.

Mimi ni msaidizi wa mganga, si fundi wa motokari, kwa hiyo sitawafundisha namna ya kupanga meza ya kazi. Nitasema juu ya jambo ambalo watu hawaliulizi siku ya kulipa garanti. Depo ilijengwa kwa kuweka unga, sukari na simenti. Gunia la simenti halipumui. Aliyejenga alitaka kuzuia mwivi, mvua na panya, kwa hiyo aliweka mlango mmoja tu, na madirisha hakuweka, au aliweka matundu madogo juu kabisa karibu na mabati. Sasa wewe unataka kuingia humo pamoja na motere inayowaka, esanse, batri na moto wa sudure. Hewa iliyowatosha magunia haitakutosha wewe.

Gesi isiyo na harufu

Katika moshi wa motere mna gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Harufu unayoisikia nyuma ya motokari ni ya vitu vingine, na mtu anaweza kuizoea kwa dakika chache akafikiri kwamba hewa ni safi. Gesi hii ikiingia katika mapafu inashikamana na damu, pale pale ambapo oksijeni ingekaa, na inashika kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anavuta pumzi vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa chakula chao.

Tufanye hesabu pamoja. Depo yenye urefu wa metri 10, upana wa metri 6 na kimo cha metri 4 ina metri 240 za ujazo, yaani lita 240.000 za hewa. Katika hewa yenye sehemu 1 ya gesi hii kwa sehemu 1.000, mtu anaweza kuzimia kwa muda wa saa moja au mbili. Sehemu hiyo katika depo yetu ni lita 240 tu. Motere ya zamani ya esanse ya lita moja na nusu, yenye karburatere, ikizunguka polepole kabla haijapata moto vizuri, inaweza kutoa lita 8 au 10 za gesi hii kila dakika. Gawanyeni wenyewe. Mlango ukifungwa, nusu saa inatosha. Na depo nyingi zinazopangishwa ni ndogo kuliko hiyo.

Wengine watasema kwamba motokari mpya zina kichujio katika bomba la moshi. Ni kweli, lakini kichujio hicho hakifanyi kazi kama bado ni baridi. Wengine watasema: mimi ninatengeneza za mazuti tu. Motere ya mazuti inatoa monoksidi kidogo zaidi, lakini moshi wake ulitangazwa mwaka 2012 na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Ulimwenguni kuwa unaleta saratani ya mapafu.

Tusisahau grupu. Hapa kwetu umeme unakatika, fundi ana kazi ya kumaliza, anawasha grupu yake ndogo ndani ya depo kwa sababu akiiweka nje wataiba. Grupu hiyo inatoa gesi ile ile, tena bila kupumzika. Iwekwe nje, angalau metri 6 kutoka mlango au dirisha lolote, na ifungwe kwa mnyororo kama unaogopa wezi. Vilevile mlinzi. Mwezi wa Juni na wa Julai usiku una baridi kali Lubumbashi na Kolwezi, naye analala ndani ya depo akiwa na mbabula yenye makala mekundu miguuni. Makala yasiyotoa moshi yanatoa monoksidi. Mpe blanketi mbili, umkataze mbabula ndani.

Malaria ambayo si malaria

Hapa ndipo sisi wa dispanseri tunahusika hasa. Mtu mwenye gesi hii katika damu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, miguu inalegea, anataka kutapika. Katika Katanga, mtu akisema maneno hayo manne, kila mmoja nyumbani atajibu: malaria. Ananunua vidonge, analala, asubuhi yuko mzima. Dawa imefanya kazi! Kumbe aliyefanya kazi ni usiku wenye hewa safi. Jumamosi inayofuata anarudi garajini, anaumwa tena.

Hata kipimo cha damu kinaweza kutudanganya. Katika nchi yetu watu wazima wengi wana vijidudu vya malaria katika damu bila kuugua kwa sababu yake. Kipimo kikisema ndiyo, hakithibitishi kwamba kichwa cha leo kinaumwa kwa malaria. Na kile kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole ili kupima oksijeni, kile cha kawaida, hakitofautishi damu yenye oksijeni na damu yenye monoksidi. Kitaonyesha namba nzuri kwa mtu anayekaribia kufa. Kwa hiyo maneno ya mgonjwa ni ya maana kuliko kifaa.

Tofauti ziko tatu, mzishike. Gesi hailetei mtu homa. Gesi inawapata wote waliomo ndani kwa wakati mmoja, hata mbwa. Na maumivu yanapungua mtu akitoka nje. Kama wewe na kijana wako wa kazi mnaumwa kichwa pamoja saa kumi ya mchana, msiulizane juu ya mbu.

Kuna malaria nyingine ya uongo, na hii ina homa kweli. Fundi anapiga sudure kwenye mabati au bomba lililopakwa zinki. Unatoka moshi mweupe, anauvuta. Anarudi nyumbani salama, anakula, na saa 4 hadi 10 baada ya kazi anaanza kutetemeka, mwili una moto, mdomo una ladha ya chuma. Kesho au kesho kutwa inapita yenyewe. Ni homa ya moshi wa zinki. Chubua zinki mahali utakapounganisha, fanya kazi hiyo nje, simama upande ambao upepo unatoka. Najua wengi wanakunywa maziwa kabla ya sudure. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni, na moshi unakwenda katika mapafu. Kama maumivu ya kifua au kukosa pumzi kunaendelea, usingoje siku ya pili.

Kutoboa ukuta

Kabla ya kununua hata kriki, zungumza na mwenye depo akuruhusu kutoboa. Akikataa, tafuta depo nyingine. Hili ni shauri langu na silipunguzi. Tunataka hewa ipite kutoka upande mmoja hadi wa pili, kwa hiyo mlango peke yake hautoshi, hata ukiwa mkubwa. Toboa ukuta wa nyuma, matundu ya chini na ya juu. Ya chini kwa sababu mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, unatambaa sakafuni kama maji na kutafuta mahali pa chini. Ya juu kwa sababu batri inayochajiwa inatoa hidrojeni, ambayo ni nyepesi na inapanda kwenye mabati. Ikifika sehemu 4 kwa 100 za hewa, cheche moja inailipua. Weka nondo na wavu, mwivi hataingia. Nayo motere ikibidi iwake ndani, funga mpira wa moshi kwenye bomba, upeleke nje, mbali na dirisha la jirani.

Shimo la kushukia chini ya motokari ninalikataa katika depo ndogo. Fundi analipenda, najua, mgongo wake unapumzika. Lakini shimo ndilo mahali pa chini ambapo mvuke wa esanse unatafuta. Esanse inatoa mvuke wa kuwaka hata wakati wa baridi kuliko barafu. Taa yenye waya mbovu ikianguka humo, hakuna njia ya kukimbilia. Tumia madaraja ya chuma ya kupandishia motokari. Na motokari iliyoinuliwa na kriki isimamishwe kwenye vigogo vya mti mgumu au vitegemeo vya chuma kabla mtu hajaingia chini. Tofali linapasuka bila kutoa habari.

Angalia pia paa. Depo za zamani nyingi zimeezekwa kwa mabamba ya kijivu ya simenti yenye amianti. Yakikaa bila kuguswa hayana ubaya mkubwa. Ukiyatoboa au kuyavunja makavu, yanatoa nyuzi ndogo zisizoonekana, na ugonjwa wake unaweza kungoja miaka 20 hadi 40. Breki za zamani zina amianti vilevile, kwa hiyo vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Depo ilikuwa na nini?

Hili ni swali la kumwuliza mwenye depo, na la kumwuliza jirani pia, maana mwenye depo anataka kodi. Ikiwa mliwekwa unga, fagia uingie. Ikiwa mliwekwa karbiri, yale mawe yanayotoa gesi ya sudure yakiguswa na maji, usimwage maji mpaka umeokota mabaki yote. Ikiwa mliwekwa asidi, tazama sakafu iliyoliwa.

Lakini katika miji yetu depo nyingi zilikuwa za kununulia madini. Hapo vumbi lililobaki ni la shaba na kobalti, na mawe ya kobalti ya huku yanaweza kuwa na uranium kidogo ndani yake. Kobalti inaweza kuleta pumu na ugonjwa wa mapafu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wa Kasulo, kartie ya Kolwezi ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao, walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo na damu, na watoto walizidi wakubwa. Watoto hao hawakuwa wachimbaji. Vumbi liliwafuata nyumbani. Kwa hiyo depo ya namna hii haifagiwi kavu. Nyunyiza maji, kokota matope, rudia, osha na kuta mpaka juu. Salopeti ya garaji ibaki garajini, isifuliwe katika beseni moja na nguo za mtoto. Na kama mna chumba cha nyuma, usikigeuze kuwa chumba cha kulala cha familia, hata kwa mwezi mmoja wa kungoja nyumba. Bibi mwenye mimba akivuta monoksidi, inampata mtoto aliye tumboni.

Batri zilizokufa zisivunjwe humo ili kuyeyusha risasi yake, hata mnunuzi akitoa bei nzuri. Asidi ikikurukia jichoni, maji safi dakika 15 hadi 20 bila kuacha, kisha dispanseri. Pipa lililokuwa na esanse lisipigwe sudure hata kama limekauka na kunuka kidogo tu.

Ukimkuta mtu ameanguka

Usikimbilie ndani peke yako. Ita watu, fungua mlango wote, vuta pumzi nje, ingia, zima motere kama iko njiani, mvute mtu nje kwa mabega. Kama anapumua, mlaze ubavu. Kama hapumui, mpe pumzi na kumkandamiza kifua kama mlivyofundishwa katika mafunzo ya huduma ya kwanza, na mtu mwingine atafute gari. Msimmwagie maji, msimpe maziwa, msimwache alale nyumbani ili apumzike. Katika hewa ya kawaida gesi inapungua nusu katika damu kwa saa 4 au 5. Kwa oksijeni safi, saa moja au moja na nusu. Ndiyo sababu ya kumleta haraka, hata akiwa amefungua macho na kusema kwamba amepona.

Mkifika, semeni neno garaji kwanza, kabla ya neno homa. Mweleze mganga motere au grupu iliwaka muda gani, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, nani mwingine alikuwamo na anajisikiaje. Mleteni huyo naye, ingawa anasimama. Na mtu mmoja akumbuke saa ambayo mgonjwa alitolewa nje, kwa sababu tangu dakika ile gesi imeanza kupungua katika damu, na mganga atakayempima anahitaji kujua imepungua kwa muda gani.