Unene: Je, ni Dalili ya Afya?



Somo letu la leo ni unene wa kupita kiasi. Wengine watauliza: mbona tuongee juu ya unene na watu wana njaa? Ni swali la haki. Lakini hapa Lucky Summer, nyumba moja yaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama aliyenenepa mno, na wote wanapakuliwa kutoka sufuria moja.

Watafiti wa kituo cha APHRC cha Nairobi walipima watu wazima wa Korogocho, jirani zetu, na wa Viwandani. Taarifa yao ya 2013 inaonyesha kwamba zaidi ya wanawake 4 kwa kila 10 walikuwa na uzito uliozidi. Wanaume hawakufika 2.

Mwili ukipata chakula kingi kuliko kazi unayofanya, unaweka akiba ya mafuta. Si lazima mtu awe mlafi. Shilingi chache mtaani zinanunua nini? Mandazi, chapati, chipsi, na mafuta ya kupima. Vinashibisha upesi. Soda moja ya mililita 300 ina sukari yapata vijiko 8 vya chai! Tena mama wa kibanda hukaa kwenye stuli tangu asubuhi hadi usiku. Kule kijijini angeshika jembe na kuteka maji. Urithi wa ukoo nao unachangia.

Iko sababu nyingine ambayo watu hawapendi kuitaja. Tangu ukimwi uingie, kukonda kumekuwa aibu. Mtu akipungua kilo tano tu, majirani wananong'ona kwamba ana "ule ugonjwa". Basi wengi wanaogopa kupungua. Naye baba mwenye kitambi anasifiwa eti pesa imeingia.

Sisi tunasema wazi kwamba hicho kitambi ndicho cha kuogopwa zaidi. Mafuta ya tumboni huzunguka ini na viungo vingine vya ndani, na huongeza hatari ya kisukari, presha na ugonjwa wa moyo. Presha haiumi. Mtu anaendelea na kazi zake mpaka siku mkono unakufa ganzi na mdomo unapinda: ndicho kiharusi. Magoti nayo huchakaa mapema. Na dawa za kisukari ni za kila mwezi, kwa hiyo akiba ya kikundi inaanza kuliwa na ugonjwa.

Kupima si kazi ngumu. Tepu ya fundi cherehani inatosha. Pima kiuno usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Mama akipita sentimita 88, au baba akipita 102, aende kituo cha afya apimwe presha na sukari, hata kama hasikii maumivu yoyote.

Hatusemi mtu ajinyime chakula, wala asinunue zile dawa za kupunguza mwili zinazochuuzwa barabarani. Apunguze mafuta ya kukaangia na sukari ya chai, aongeze sukuma wiki, maharagwe na unga usiokobolewa, na atembee kwa miguu nusu saa kila siku.

Ya kujadiliana kikundini: Je, kwenye mikutano yetu wageni wanapewa nini? Tukiweka maji na ndizi mahali pa soda na mandazi, nani ataona amedharauliwa, na tutamwambiaje?