SOMO LA MWEZI: VUNJAJUNGU, TUMFUGE AU TUMWACHE SHAMBANI?



Mvua ikishanyesha, watoto wetu humkamata vunjajungu kwenye ua na kumtia katika chupa. Siku mbili hivi amekufa, na chupa inatupwa. Leo tujadiliane: ni vyema kumfuga, au kumtazama pale alipo?

Tumjue kwanza

Huyu ni yule mdudu wa kijani au kahawia anayekunja mikono ya mbele kama mtu anayesali. Kumbe hasali, anawinda! Anakaa kimya, anageuza kichwa kukutazama, na panzi akikaribia ananaswa mara moja. Hana sumu. Watu wa zamani walisema ukimgusa utavunja chungu, ndiyo maana akaitwa hivyo. Msiogope, vyungu vyenu ni salama.

Jike hutaga mayai ndani ya povu ambalo hukauka likawa kifuko kigumu kwenye kijiti au ukuta. Kifuko kimoja chaweza kutoa watoto makumi, hata zaidi ya mia. Mkikata ua, kiacheni.

Je, ni rafiki wa mkulima?

Ndiyo, lakini tusimsifu kupita kiasi. Anakula panzi, nondo na viwavi, lakini pia nyuki, hata vunjajungu mwenzake. Peke yake hatamaliza wadudu wa sukuma wiki. Na tukinyunyiza dawa ovyo, tunamuua pamoja na wale waharibifu.

Mtoto akitaka kumfuga

Asikatazwe kwa ukali, maana hapo ndipo anapojifunza. Afuate haya:

1. Mmoja tu kwa chombo kimoja. Wawili watalana.
2. Chombo kiwe kirefu, mdomo ufunikwe kwa wavu, na ndani kuwe na kijiti. Akibadilisha ngozi huning'inia kichwa chini. Akikosa nafasi huwa kilema.
3. Apewe wadudu walio hai, kama nzi, na matone machache ya maji.
4. Baada ya siku chache arudishwe palepale alipotolewa. Akishakomaa, maisha yake ni ya miezi michache tu. Tusimmalizie yote ndani ya chupa.

Mkiombwa kuuza

Huko Ulaya, Marekani na Asia wapo watu wanaofuga wadudu nyumbani kama sisi tunavyofuga paka, na wananunua kwa pesa. Jihadharini. Mwezi wa Mei 2025 mahakama ya hapa Kenya iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa ajili ya sisimizi hai waliokusanywa kinyume cha sheria. Mmoja wao alikuwa Mkenya. Basi mgeni akija kuwapa watoto shilingi kumi kumi wamkusanyie wadudu, mwulizeni kibali cha serikali. Hana? Mwambieni chifu mapema, kabla kijana wenu hajaingia taabuni.

Maswali ya kikundi

- Je, kwenye ua wenu kuna vifuko vya mayai? Nendeni na watoto asubuhi mkavihesabu bila kuving'oa.
- Ni dawa gani tunanyunyiza, na ni wadudu gani wengine wanakufa?
- Someni Mithali 12:10. Je, neno hili linamhusu hata mdudu?

Mungu awabariki.